Upawa wa Shemeji Lempi

Nimelisha kulungu miaka arobaini na mitatu bila kumwomba mtu ushauri. Nilisema hivyo mwezi wa tisa, mezani kwa shemeji yangu Lempi, mkate wa iliki ukiwa mdomoni, hata makombo yakarukia kahawa ya kaka yangu Tauno. Tangu Aprili, alipopigwa na kiharusi, alikuwa hasemi. Daktari alituambia ulimi wake unaweza, ila maneno yatatoka vipande vipande, na kaka yangu hakuwahi kupenda watu waone kitu chake kimevunjika. Alikuwa anaandika kwenye kidaftari kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani siku nzima kama paka mzee.

Siku hiyo aliandika mstari mmoja, akatusukumia daftari.

"Nisipopata kulungu msimu huu, nauza kambi."

Nilisoma mara mbili. Kambi yetu ni nyumba ya magogo aliyoijenga baba kando ya kinamasi cha mierezi, siku zile alipokuwa bado anashuka mgodini. Ina jiko la kuni, vitanda sita na panya wasiohesabika. Imeandikwa kwa jina la Tauno kwa kuwa ndiye mkubwa. Kulikuwa na mtu wa chini ya daraja aliyeitamani. Ndivyo tunavyowaita watu wote wa kusini mwa jimbo, wa ng'ambo ya lile daraja refu, na hatuwaiti hivyo kwa mapenzi. Alishamwandikia Tauno barua mbili.

"Kaka, una wazimu?" nikamwambia. "Kambi ya baba?"

Akaandika: "Kambi ni ya wawindaji."

Lempi alikuwa kwenye beseni, anaosha kikombe kimoja muda mrefu kuliko kikombe kilivyohitaji.

Kambini, juu ya jiko la kuni, kuna gogo pana. Baba alichonga jina lake na mwaka hapo kila alipoangusha kulungu, nasi tukafuata. Sheria yake ilikuwa moja: jina ni la aliyepiga. Siyo la aliyeburuta, wala aliyechuna, wala aliyepika. Mimi nina majina kumi na tisa kwenye gogo lile, Tauno ishirini na nane, na asidhani sijahesabu.

"Sawa," nikasema. "Andika unachoweza. Usinifiche."

Akaandika taratibu, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Hatua thelathini, si zaidi. Kulungu asimame ubavu. Kichwa chini. Nihesabu mpaka ishirini.

Mpaka ishirini! Mwindaji mzima anahitaji pumzi mbili. Lakini bunduki ya Tauno ingelazwa kwenye egemeo la mbao, na mkono mmoja ungefanya kazi ya mikono miwili, na jicho lake lilikuwa linachelewa kutulia. Kulungu gani wa kinamasini atasimama ubavu, ameinamisha kichwa, mpaka ishirini? Hata ng'ombe hasimami hivyo.

"Chambo ndicho kitamsimamisha," nikasema. "Niachieni mimi. Naleta viazisukari, pikapu imejaa mpaka juu. Tunamwaga kidogo kidogo kuifuata sheria, galoni mbili, lakini kila asubuhi. Na ile mashine yangu ya betri itarusha mahindi alfajiri na jioni. Mwezi mmoja, kinamasi kizima kiko mezani."

"Shemeji Oiva," Lempi akasema bila kugeuka, "naomba niulize swali la kijinga."

"Uliza. Ndiyo kazi yako."

"Na kujibu kijinga ndiyo yako, kwa hiyo tutaelewana. Hao kulungu wako wanakuja saa ngapi?"

"Saa yoyote. Usiku zaidi."

"Na usiku unapiga?"

"Usiku marufuku."

"Basi unawapikia wageni chakula, wanakula wewe umelala."

Tauno alitikisika mabega. Mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Aprili, na alikuwa ananicheka mimi.

Niseme Lempi ni nani. Miaka thelathini na mmoja alipika kwenye jiko la shule yetu ya msingi. Hajawahi kufyatua bunduki. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, anatembea akiyumba upande mmoja, na ana kikohozi kikavu kinachomtoka mara mbili mbili. Mji huu una watu wazima mia nne waliolishwa na yeye, mimi nikiwa mmoja wao kwa njia ya kudoea. Lakini chambo? Nilijiona nimetukanwa.

Alikausha mikono, akaketi, akavuta daftari la mumewe na kuchora.

"Mtoto ukimpa tufaha zima," akasema, "analikamata anaondoka nalo uwanjani. Anatafuna huku anaangalia kila kona. Ukimpa kiazi kikubwa anakitafuna ubavuni, ananyanyua kichwa, anapiga soga. Lakini mpe njegere. Mtoto wa njegere haondoki mezani. Anainama, anaokota moja moja, mpaka ya mwisho."

"Kulungu siyo mtoto."

"Ana mdomo na ana woga. Tofauti iko wapi?"

Basi alitaka punje za mahindi makavu, zilizotawanywa. Tufaha moja tu, limekatwa vipande vidogo kama kucha, kwa ajili ya harufu. Hakutaka duara. Alitaka mstari mrefu, hatua kumi na mbili, ukipita mbele ya kibanda cha kuvizia kutoka kushoto kwenda kulia, sambamba na ule mwerezi ulioanguka miaka mingi iliyopita. Nyuma gogo, mbele mahindi. Kulungu angeingia upande mmoja na kutoka mwingine, na njia nzima ubavu wake ungekuwa mbele ya Tauno. Upepo wa kwetu mwezi wa kumi na moja unatoka magharibi, ziwani. Kibanda kiko mashariki. Hilo alilijua bila kuambiwa na mtu.

"Na saa tisa alasiri," akamalizia. "Kila siku. Isiwe nane na nusu, isiwe tisa na robo. Mtu yuleyule, njia ileile, kelele ileile."

"Kelele!" nikaruka. "Sisi tunanyata miaka yote, wewe unataka kelele?"

"Wewe ukinyata, wanajua mwizi kaja. Mimi nikienda na kelele zangu, watajua chakula kimekuja."

Nilimgeukia Tauno aamue. Nilikuwa na hakika. Damu ni nzito kuliko maji, wanasema. Kaka yangu aliweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mkewe na akauacha pale, na mimi nikamaliza mkate wangu kwa hasira.

Lempi alianza tarehe kumi na tano Septemba. Nilimfuata siku ya kwanza kwa ajili ya kumcheka. Alivaa koti lake la bluu la jikoni, lile la shule, lenye mifuko miwili mikubwa. Ndoo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto upawa wa shule, mrefu, wa bati, wenye mpini uliopinda. Akaingia njiani akiyumba. Kwenye jiwe kubwa akakohoa mara mbili. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani wa mavuno, ule tunaouimba kwa Kifini, lugha ya babu zetu, mpaka leo ingawa nusu ya kanisa haijui maneno. Alipofika kwenye gogo alipima mahindi kwa upawa, mara kumi na mbili, akitandaza mstari wake. Nikamwuliza mbona haijafika hata galoni moja.

"Wabaki na hamu," akasema. "Aliyeshiba hangojei kengele."

Kisha akagonga ndoo kwa upawa, mara tatu, na kuita kwa sauti ileile iliyotuita sisi sote: "Haya, chakula!" Akageuka akaondoka. Mimi nikageuza shingo kuangalia nyuma, na akanipiga begani kwa upawa.

"Hatuangalii nyuma. Mtoto mwoga hali ukimwangalia."

Mwisho wa mwezi wa tisa kulikuwa na nyayo za jike na watoto wake wawili. Katikati ya mwezi wa kumi nyayo zilikuwa nyingi, na kati yake kulikuwa na kwato pana zilizozama sana, za dume mzito. Lempi alinionyesha kwa mpini wa upawa. "Huyu mkubwa anakuja mwisho," akasema, "na anaanzia upande wa kulia. Ana aibu. Nilikuwa na mvulana kama huyo, sasa ni polisi."

Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi ni mtu wa subira fupi. Jumamosi moja, wao wakiwa kanisani kupanga viti vya mazishi ya jirani, nilipakia viazisukari nikaingia na pikapu mpaka kwenye gogo. Nilijiambia nawasaidia. Nilishuka na buti zinazonuka dizeli, nikavimwaga vyema, nikatema tumbaku yangu ya kutafuna pale nilipozoea kutema, yaani popote.

Siku nne hapakuwa na unyayo hata mmoja. Mahindi ya Lempi yalikaa palepale, kunguru wakajilia.

Alijua. Alama za matairi hazihitaji mpelelezi. Nilingoja anipasue, na nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu. Akaniambia tu, "Shemeji, umenifukuzia wageni." Kisha akakusanya viazi vyangu kimoja kimoja kwa nyonga ile mbovu, na kesho yake saa tisa akaingia njiani, akakohoa, akaimba, akagonga ndoo kwa ajili ya msitu mtupu. Na siku iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Hata mvua ya barafu ilipomchapa usoni aliimba beti zote. Nilimwangalia kutoka barabarani na nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Sijui mtu mwingine ambaye angegonga kengele siku tano bila kujua kama kuna anayesikia. Siku ya sita jike alirudi na watoto. Siku ya tisa, kwato pana.

Tarehe kumi na tano Novemba msimu ukafunguliwa, nasi watatu tulikuwa tumeshahamia kambini. Mpango ulikuwa hivi: mchana mapema nimvute Tauno hadi kibandani kwa kile kitelezi changu cha kuvulia samaki barafuni, nikae naye, na saa tisa Lempi alete chakula kama kawaida. Tauno ana uzito wa jiko la chuma. Nilimwambia hivyo njia nzima.

Na walikuja. Haikupita hata nusu saa tangu Lempi aondoke, jike akaingia, watoto, kisha nikamwona dume. Pembe zake zilikuwa na matawi manane, rangi ya chai nzito. Alianzia kulia, kama alivyosema. Akainamisha kichwa na kuanza kuokota punje moja moja, ubavu wote mbele yetu. Nilimsikia Tauno akihesabu puani. Nne. Tano. Sita.

"Piga," nikanong'ona. "Kaka, piga. Piga!"

Kichwa kikainuka, mkia mweupe ukasimama, na kinamasi kikawa kitupu.

Tauno hakuniangalia. Aliandika katika gizagiza la kibandani, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: "Lempi akae. Wewe toka."

Nilistahili. Kesho yake Lempi alikaa kibandani na mumewe, na mimi nikabeba ndoo. Nilijitahidi. Nilifika saa tisa kamili, nikapima kumi na mbili, nikatandaza mstari mnyoofu, nikaondoka kimya kimya kama mtu mwenye adabu. Hakuja hata kindi. Siku ya tatu vilevile. Na redioni wakatangaza dhoruba inatoka ziwani: theluji ya kufika kiunoni, kuanzia usiku wa siku ya nne. Theluji ya namna hiyo ikianguka, kulungu wetu wanahama. Wanaenda kujikusanya kwenye mierezi mizito kilomita nyingi kutoka hapa, na hawarudi mpaka majira ya kuchipua. Tauno aliisikiliza taarifa hiyo yote, kisha akaizima redio na kuichukua barua ya mtu wa chini ya daraja kutoka kwenye rafu. Akaiweka mezani, chini ya chupa ya chumvi isipeperuke.

Maji yalinifika shingoni. "Shemeji," nikamwambia Lempi tulipobaki wawili, "nimekosea wapi? Nimefanya kila ulichofanya."

Aliniangalia kuanzia viatuni kwenda juu. "Umekohoa?"

"Sina kikohozi."

"Umeimba? Umegonga?"

"Lempi, mimi ni mtu mzima."

"Miezi miwili nimewafundisha kwamba chakula kina nyonga mbovu na kinaimba," akasema. "Sasa unaingia wewe, kimya, unanukia tumbaku. Unataka wafikirie nini?"

Tukatazamana. Nadhani tuliliona jibu kwa pamoja, maana yeye alianza kucheka nami nikaanza kukataa.

"Hapana."

"Koti liko pale mlangoni."

"Hapana, shemeji. Watu wataniona."

"Watu gani? Kunguru?"

Tangu alfajiri ya siku ya nne sikuweka tumbaku mdomoni, na nilikuwa mkali kama nyigu. Lempi alinipa buti za mpira zilizokuwa zimesimama ndani ya pipa la mahindi usiku kucha, zinukie punje. Akanivisha koti lake la bluu. Mimi nina mabega ya mtu wa mgodini. Vifungo viligoma vyote, na mgongoni mshono ulilalamika. Juu yake akanifunga kizibao cha rangi ya chungwa, nisije nikapigwa risasi nikaliwa mimi. Kisha akanifunga kitambaa chake cha kichwa kidevuni. Akanifanyisha mazoezi uani, mbele ya mume wake aliyekuwa tayari amekaa kwenye kitelezi na bunduki mapajani.

"Nyonga ya kushoto! Siyo ya kulia. Ishushe. Unacheza dansi? Kohoa. Hicho ni kikohozi cha farasi. Kavu. Mara mbili."

Tauno alinitazama kwa uso mkavu kabisa. Ningetoa hata meno yangu kusikia alichokuwa anafikiri.

Niliwavuta mpaka kibandani, Tauno juu, Lempi akiyumba nyuma akishika kamba. Mbingu ilikuwa ya kijivu na imeshuka chini. Nikarudi barabarani kungoja. Saa tisa kamili nikachukua ndoo na upawa.

Wacha niseme ukweli. Hatua za mwanzo niliona aibu. Baadaye nyonga ilianza kuniuma kweli kwa kuishusha vile, na nikaanza kuihesabu njia: toka barabarani mpaka kwenye gogo ni hatua mia tatu na arobaini. Kwenda na kurudi, siku sitini na zaidi, kwa nyonga isiyo ya kuigiza. Hakuwahi kulalamika hata mara moja. Mimi nililalamika nikivuta kitelezi mara nne. Kwenye jiwe nilikohoa mara mbili, kavu, na ilikuja vizuri.

Niliimba. Sina sauti. Ubeti wa pili niliusahau nikarudia wa kwanza. Nilipima kumi na mbili, nikatandaza mstari, nikadondosha vipande vya tufaha. Nikagonga ndoo mara tatu.

"Haya, chakula!" Sauti nyembamba ilinitoka, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote hiyo.

Nikageuka, nikaondoka bila kuangalia nyuma.

Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Kila nywele ya shingo yangu ilitaka kugeuka. Nilipokaribia jiwe nilisikia kijiti kikivunjika nyuma yangu, kwenye mierezi, kabla hata sijaenda mbali. Walikuwa wanangoja! Walikuwa wamejipanga kama darasa la pili! Niliendelea kuyumba mpaka kwenye jiwe, nikasimama upande wa pili, uso barabarani, na theluji ya kwanza ikaanza kuanguka.

Nikaanza kuhesabu pamoja na Tauno, ingawa sikujua ameanza lini. Nilifika ishirini. Nikaanza tena. Nilikuwa nimefika kumi na nne mara ya tatu bunduki ilipolia.

Risasi moja. Mwindaji akikosa, utasikia ya pili. Kulungu akijeruhiwa, utasikia ya pili. Nilingoja ya pili, nimeushika upawa kwa mikono yote miwili kifuani, na haikuja. Theluji ilikuwa inaanguka kwenye ndoo.

Kisha sauti ikaita kutoka kibandani. Ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa tangu Aprili.

"Oi... Oiva!"

Kaka yangu. Sikugeuka, nilikuwa nimekatazwa.

"Oiva! Una... tembea..." Akanyamaza. Nilisikia akivuta pumzi, nikasikia akitafuta neno, nikamwomba Mungu alipate. "Kama... kama bata!"

Nilikaa chini kwenye theluji. Mshono wa koti la Lempi ukapasuka toka shingoni mpaka kiunoni, na mimi nilikuwa nalia na kitambaa cha mwanamke kichwani, na nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe, msitu mzima usikie: "Na wewe unahesabu kama konokono!"

Dume alikuwa ameanguka palepale mstarini, mdomo ukiwa juu ya mahindi. Alikuwa amefika hatua ya saba kati ya kumi na mbili. Lempi aliinama kando yake. Alimgusa paji la uso kwa vidole viwili. "Alikuwa na adabu," akasema.

Tulimfikisha kambini dhoruba ikiwa inaanza kupiga kelele. Nilimning'iniza, nikawasha jiko, nikachemsha kahawa, na bado sikuthubutu kuweka tumbaku mdomoni. Barua ilikuwa palepale chini ya chumvi. Tauno aliomba kisu kwa kukinyooshea kidole, tukamsogezea kiti mpaka karibu na lile gogo la majina. Nilijiandaa kuona jina la ishirini na tisa la kaka yangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa haujui kuchonga. Kisu kiliteleza, akaanza upya. Nilitegemea herufi ya jina lake. Ikatoka herufi ya mkewe. Nilidhani amechanganyikiwa, daktari alisema inaweza kutokea. Lakini aliendelea, herufi baada ya herufi, jasho likimtoka, mpaka jina la Lempi likasimama chini ya majina ya baba.

"Umekosea, baba," Lempi akamwambia polepole. Hivyo ndivyo anavyomwita. "Aliyepiga ni wewe. Ndiyo sheria."

Tauno alitikisa kichwa. Maneno yalikuja moja moja, na safari hii hakuyaonea haya. "Nani... ali... mleta?"

Lempi alishika ukingo wa meza akakaa. Mimi nilifikiri baba angesemaje, kisha nikaona kwamba sijali baba angesemaje.

Tauno aliichukua barua, akaitupa ndani ya jiko, akanigeukia na kisu.

"Mwakani," akasema, "we... beba tena."

"Nikiwa na koti lake? Limepasuka."

"Li... shonwe."

"Na jina langu je? Nimeimba mimi! Nimekohoa!"

Akafikiri. Kisha akarudi kwenye gogo, akachonga kitu kidogo pembeni ya jina la Lempi, akikificha kwa bega nisione. Alipomaliza alipuliza vumbi la mti akasogea. Kilikuwa na mdomo bapa na mkia, na nyonga moja imeshuka chini.